Lehemu Kwenye Damu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani nikitoka zahanati. Daftari hili ni la kazi: kushoto naandika jina la mteja, kulia ugonjwa wa redio yake. Leo naandika ugonjwa wangu mwenyewe. Mkono umeshazoea kuandika kila jioni, na ugonjwa wenyewe sina hamu ya kumsimulia mtu.

Wiki iliyopita walinitoa damu kwa sababu ya kizunguzungu. Leo nimefuata majibu. Daktari ni binti mdogo, anaongea Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi. Akaitazama karatasi, akasema, "Mzee, lehemu yako ipo juu sana."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Lehemu?"

"Lehemu, mzee. Kwenye damu."

Miaka thelathini na moja nashika lehemu. Kwa asiyejua, ni ule waya laini wa kijivu, bati na risasi, tunaouyeyusha kwa chuma cha moto ili kuunganisha nyaya ndani ya redio. Ukiyeyuka unatoa moshi mweupe, na moshi huo unakuja moja kwa moja puani, maana kazi ya kulehemu haifanyiki bila kuinama. Huyu binti nani alimwambia kazi yangu? Hakuna. Kaiona ndani ya damu.

Ndipo akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia fundi redio, nakaa mezani asubuhi mpaka jioni. Akaitikia kwa kichwa. "Kazi hiyo nayo inachangia. Na upunguze sana vitu vya mafuta." Hata grisi tunayochovyea chuma anaijua! Akasema karatasi za maelekezo zimekwisha, nirudi baada ya miezi mitatu wapime tena. "Una swali, mzee?"

Nikasema sina. Nje kulikuwa na watu kama arobaini wanasubiri, na mimi ni mtu mzima. Siwezi kukaa pale nauliza kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Sikwenda kazini. Nimemweleza mke wangu. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha kupepeta.

"Daktari kakwambia uache kazi? Kwa mdomo wake?"

"Kasema kazi inachangia."

"Ukamuuliza inachangia vipi?"

"Nimuulize nini? Lehemu ni lehemu."

"Kuuliza si ujinga, baba. Kesho twende wote, nitauliza mimi."

Nimemkatalia. Namjua huyu mwanamke, angeweza kumdai hata Mungu risiti. Atanitia aibu mbele ya watu.

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu kaja kuuliza mbona sionekani. Sisi wawili tuna chumba kimoja cha kazi, meza moja, viti viwili, tangu alipofariki mwalimu wetu aliyetufundisha ufundi. Nikamwambia habari ya damu. Akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Kaka, itaingiaje kwenye damu? Kwani tunailamba?"

"Moshi."

"Ingekuwa moshi, mafundi wote wangekuwa makaburini."

"Na Mwalimu je?"

Hapo akaacha kucheka. Mwalimu alianguka mezani huku kashika kifua, chuma cha kulehemu kingali mkononi kinaunguza mbao. Watu wakasema ni moyo. Mimi sasa najua moyo wenyewe ulijaa nini.

"Haya, pumzika," mdogo wangu akasema, "mimi nitashika kazi." Kaondoka anapiga mluzi. Mjinga.

Jumanne, 12 Machi

Jirani yetu tunamwita Mama Kuku, maana ana kuku wa mayai banda zima na hana habari nyingine duniani. Leo kaniona nimekaa barazani saa nne ya asubuhi, akaja kunichunguza. Nikamwambia nina sumu ya lehemu.

"Fundi, na akili zako zote!" akasema. "Mtu aliyekula sumu anapewa nini? Si maziwa na mayai? Kiini cha yai kinavuta sumu kama kitambaa kinavyovuta maji. Lakini ule yai zima. Ukiacha kiini umeacha dawa."

Nikamuuliza mangapi. Akanipima kwa macho kama fundi anayenipimia suti.

"Miaka thelathini na moja? Manne kwa siku. Na kila siku, usiruke."

Wala hakunidanganya kwa makusudi. Mwanamke yule anaamini yai lingeweza kumfufua maiti.

Jumatano, 13 Machi

Mayai manne. Mawili asubuhi, mawili jioni. Mazima.

Jumanne, 19 Machi

Mayai manne. Mvua kutwa. Kizunguzungu hakijanirudia, kwa hiyo yanavuta.

Alhamisi, 28 Machi

Mke wangu ameanza kufua nguo za watu. Hakuniuliza, kaanza tu. Asubuhi ananiwekea mayai yangu mawili mezani, anabeba beseni, anaondoka. Leo kasema akiwa mlangoni, "Mtu mgonjwa hukonda. Wewe shati halifungi."

Nikamjibu kwamba huo ndio uzima unarudi. Hakujibu, na mwanamke asipokujibu ujue ameshakuhukumu. Yeye anadhani nimepata kisingizio cha kukaa. Laiti angejua mikono inavyoniwasha kwa kukosa kazi! Juzi nimeifungua redio ya nyumbani, nzima, haina hata kasoro, nikaifuta vumbi, nikaifunga tena.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepita dukani kwetu. Sikuingia, nilisimama ng'ambo ya barabara chini ya paa la kinyozi nikijifanya nakinga mvua. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya maji. Mdogo wangu alikuwa ameinamia kikuza sauti cha shule, na moshi unamzunguka kichwa. Alikuwa anatumia kiti changu.

Sikutegemea kuona wivu. Nilidhani nitaona huruma. Yule kijana nimemlea mimi, baba yetu alipoondoka alikuwa na miaka tisa, na ile njia ya kuinua chuma mapema ili lehemu isimwagike nimemwonyesha mimi, kidole kwa kidole. Leo ananishinda. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na hajui, na sijawahi kumwambia. Nimerudi nyumbani nimeloa na hasira, nikala yai la tano.

Jumanne, 9 Aprili

Mdogo wangu anakohoa. Kila mtu mtaani anakohoa, mvua haijakatika siku kumi, lakini mimi nilipokisikia kile kikohozi nilijua ni nini. Nimekwenda dukani, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Unafunga kazi leo," nikamwambia.

"Kaka, tusianze."

"Umeona ulivyokonda?"

"Nimekonda kwa sababu nafanya kazi ya watu wawili!"

Ilinichoma, lakini nikaendelea. Nikamwambia ya Mwalimu, yote, mpaka yale ambayo yeye hakuyaona kwa sababu siku ile nilimtuma waya: jinsi midomo ilivyogeuka rangi, jinsi alivyokuwa anataka kusema na maneno hayatoki. Nikamwambia damu yangu imepimwa kwa mashine, si maneno ya barabarani. "Mimi nimekaa miaka thelathini na moja. Wewe umekaa ishirini na mbili. Unadhani lehemu inachagua kaka na mdogo?"

"Mke na watoto nitawalisha nini? Mimi sijui kazi nyingine."

"Hata kubeba mawe. Mawe hayaingii kwenye damu."

Alizungusha bisibisi mkononi. Kisha akasema, "Mimi mashine nikiipima nikaambiwa imekufa, naamini kipimo. Na wewe umepimwa." Akachomoa chuma cha kulehemu kwenye umeme. Kilikuwa bado cha moto, akakishika mkononi akingoja kipoe, asijue akiweke wapi.

Nimeshinda. Nimemwokoa mdogo wangu. Nilitembea njia nzima chini ya mvua nalia, na sikuona aibu.

Jumatano, 10 Aprili

Vifaa vyote amechukua fundi simu wa upande wa pili, pamoja na meza. Alifurahi kama mtu aliyeokota. Mabonge ya lehemu yaliyobaki sikumpa. Nimeyatumbukiza chooni, nikasikia yanavyogota chini. Mke wangu alikuwa uani, akaniona, akatikisa kichwa, akaendelea kuanika.

Jumatatu, 15 Aprili

Mdogo wangu amepata kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto. Nimemwombea mimi. Msimamizi wa pale alikuwa mteja wangu, akasema, "Kwa sababu ni wewe, fundi." Kazi ya nje, hewa safi, hakuna moshi.

Jumapili, 21 Aprili

Mdogo wangu kaja kula kwetu. Mikono imemchanika viganja, lakini kikohozi kimekwisha. Unaona? Mke wangu akachemsha mayai manane, manne yangu, manne yake.

"Shemeji," mdogo wangu akasema, "huyu kaka mwisho atawika."

"Kuwika ni jogoo," mke wangu akajibu. "Huyu anaatamia tu. Toka mwezi wa tatu yuko palepale barazani."

Tukacheka wote watatu, hata mimi. Ni siku nyingi sijamsikia mke wangu akicheka. Mdogo wangu alikula viini kwanza, akafumba macho kama mtoto anayekunywa dawa.

Jumamosi, 27 Aprili

Mayai manne. Mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepanda ile ngazi ya sokoni, nikasimama katikati. Kifua kilibana, kama mtu kanifunga mkanda nje ya shati. Muuza viazi akanipa gunia nikalie. Nilipomsimulia mke wangu akataka twende zahanati leo leo. Nikamwambia tarehe bado, na dawa ikifanya kazi lazima isumbue. Mama Kuku naye kasema sumu inapotoka haitoki kimyakimya. Tumekubaliana niongeze yawe matano.

Mke wangu kasema, "Siku ukifa, nitamwambia daktari ni nani aliyekuua. Na sitamtaja kuku."

Ana mdomo huyu! Lakini kanikanda kifua mpaka nikalala.

Jumanne, 21 Mei

Mashine imemla mdogo wangu vidole vitatu.

Nilikuwa barazani. Alikuja mtu wa kule, kavaa buti za matope, akauliza, "Wewe ndiye kaka yake?" Ukiulizwa hivyo miguu inajua kabla ya masikio. Mkanda wa mashine ulikuwa umekwamishwa na jiwe. Wenzake wanasema wakati wa mvua udongo unaganda kwenye mkanda, na huwa wanausukuma kwa mti. Mti haukuwa karibu. Akapeleka mkono. Bila shaka aliupeleka kifundi, kwa vidole vitatu, kama anavyotoa skrubu iliyodondoka ndani ya redio. Mkono wa kulia. Kimebaki kidole gumba na kile cha mwisho.

Nimemkuta hospitali, bado kalewa dawa. Mke wake kakaa chini ukutani, ameshika kiatu kimoja cha mumewe, kingine hakijulikani kiliko. Aliniona, akanyanyuka, akaniamkia kwa adabu kama siku zote. "Shikamoo, shemeji." Angenizaba kibao ningepumua.

Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Akaitikia. Lakini kazi ile aliiombea nani? Mungu hakwenda kwa msimamizi.

Jambo moja tu limenishikilia leo, naliandika ili nilisome tena kesho: yupo hai. Mezani pale angekufa. Vidole vitatu kwa maisha yake, si haba. Nimejirudia hivyo njia nzima.

Jumatano, 22 Mei

Si haba. Si haba.

Jumatatu, 3 Juni

Miezi mitatu imetimia. Safari hii mke wangu hakuniomba ruhusa, alivaa akanitangulia mlangoni. Daktari ni yule yule binti. Damu wamepima asubuhi, majibu mchana. Akayatazama, akarudia kuyatazama.

"Mzee, lehemu imezidi kupanda. Tulikubaliana upunguze."

"Nimeacha kabisa," nikasema. "Tangu siku ile sijaigusa. Hata dukani siingii."

"Dukani? Duka gani?"

"La redio. Nimefunga. Lehemu nimetupa chooni."

Binti akaweka kalamu chini. Mke wangu, ambaye niliogopa atanitia aibu, ndiye aliyeuliza. Aliuliza polepole, "Mwanangu, hii lehemu unayoisema ni kitu gani?"

"Ni mafuta, mama. Mafuta yaliyomo kwenye damu. Yakizidi yanaganda ndani ya mishipa, damu inapita kwa shida." Akanigeukia. "Wengi wanaita kolestro."

Kolestro! Kolestro naijua! Miaka yote hiyo kila redio niliyoifungua mezani ilikuwa inaimba kolestro, vipindi vya afya kutwa, hata mdogo wangu alikuwa anamwigiza yule mtangazaji. Nikamuuliza kwa nini asiseme kolestro siku ile. Sauti yangu ilitoka kubwa, muuguzi akachungulia.

"Tumeagizwa tuongee Kiswahili fasaha na wagonjwa," binti akasema. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. "Na nilikuuliza kama una swali, mzee."

Aliniuliza. Ni kweli aliniuliza.

"Ulisema kazi yangu inachangia."

"Kukaa. Kukaa kutwa bila kutembea. Moshi wenu fungueni dirisha, lakini hii siyo habari ya moshi." Akauliza nakula nini. Mke wangu akamwambia mayai manne, siku nyingine matano, toka mwezi wa tatu. Binti akashika shavu. Akaeleza kwamba yai kwa mtu mzima asiye na tatizo, moja kwa siku, kwa wengi si neno, ni chakula kizuri, na miili haifanani. Lakini lehemu ya yai yote imo kwenye kiini, ute hauna. Na mtu ambaye yake ilishapanda, akala viini vinne vitano kila siku, akaacha na kazi, akakaa barazani anatazama mvua, asishangae kifua kikimbana. Hakusema ni mayai peke yake. Alisema hawezi kujua ni kiasi gani mayai, kiasi gani kukaa, kiasi gani damu ya ukoo. Kaniandikia vidonge na kipimo cha moyo.

Nilimsikia, lakini nilikuwa nauhesabu mkono. Gumba, na kile cha mwisho.

Njiani mke wangu hakusema "nilikwambia." Nilimngoja aseme. Tulipofika kwenye dimbwi la kona akanishika kiwiko nisiteleze, akasema, "Mdogo wako utamwambia mwenyewe. Mimi hilo sitakusaidia."

Jumanne, 4 Juni

Sikula. Mama Kuku kaleta trei mpya, nikamwambia aondoke nayo. Akaniuliza nimekosewa nini. Nikafungua mdomo nimtukane, nikakosa pa kuanzia. Yeye alinishauri juu ya sumu, na sumu niliileta mimi.

Jumatano, 5 Juni

Nilifika mpaka getini pa hospitali, nikarudi.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimeingia. Mvua imekatika, wodi ina joto, madirisha yote wazi. Mdogo wangu amekaa, mkono umefungwa mpaka kiwiko, umeinuliwa juu ya mto. Amenenepa uso kidogo. Mke wake alikuwa ameacha yai moja la kuchemsha kwenye kibakuli, akaenda kufuata maji.

"Nimenyee, kaka," akasema. "Mkono mmoja hauwezi, na manesi nawaonea haya."

Nikakaa kitandani, nikaanza kumenya. Nilikuwa nimepanga maneno toka nyumbani. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi kabisa, ipo mfukoni hadi sasa.

"Shemeji kanambia ulikwenda kupima," akasema. "Imeshuka?"

Nikasema majibu hayajakaa sawa.

"Itashuka. Wewe ulikaa nayo sana. Mimi uliniwahi." Akautazama mkono wake uliofungwa, akatabasamu kabisa, kwa moyo safi. "Usiwe unanitazama hivyo, kaka. Nimeshaongea na mke wangu. Vidole si moyo. Ningebaki pale mezani, leo watoto wangekuwa yatima. Kila nikisikia maumivu najiambia, kaka kaniokoa."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza. Mmoja akasema, "Kuwa na kaka ni mali."

Nikalipasua yai. Kiini kikadondoka kizima kwenye kiganja changu, nikamlisha ute, kipande kwa kipande, naye akafungua mdomo kila nilipoinua mkono. Ute ukaisha. Akabaki kaufungua mdomo.

"Na kiini? Kaka, si ndicho dawa?"

Maneno yote yalikuwepo. Yalikuwa machache, hata mtoto angeyasema. Mdogo wangu ananitazama, mdomo wazi, ananiamini. Nikakitia kile kiini mdomoni mwangu, chote, ili nisiweze kumjibu.

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Mroho wewe," akasema. "Kesho ulete mawili."